Masharti ya Propela

Maximilla alifika kwenye karakana ya mkwe wake saa tatu asubuhi, siku ya Alhamisi. Hakuingia. Alizunguka nyuma, penye kivuli cha mabati, akaketi juu ya tofali na kuelekeza uso kwenye shamba la miwa. Mama mkwe na mkwe hawapeani mikono, hawali mahali pamoja, na wakikutana njiani mmoja hujitenga mpaka mwenzake apite. Maximilla na Makhanu walikuwa wameishika desturi hiyo kwa miaka kumi na mmoja bila kukosea hata mara moja. Sasa kati yao kulikuwa na bati lenye matundu ya misumari. Maurine, binti wa mmoja na mke wa mwingine, alisimama kwenye kona ya bati hilo akiwaona wote wawili.

Maurine alikuwa amebeba gunia. Ndani yake mlikuwa na propela ya injini ya mashua.

"Mama anauliza kama unaweza," alisema.

Makhanu aliitoa, akaitia kidole katikati na kuizungusha. Ilikuwa ya alumini, yenye mabawa matatu. La kwanza lilikuwa zima. La pili lilikuwa limepinda ncha. La tatu lilikuwa limekatika theluthi nzima, na kutoka kwenye mkato huo ufa mwembamba kama unywele ulikuwa umeanza kushuka.

"Kipande kilichokatika kiko wapi?"

"Kilibaki mtoni. Onesmus anasema waligonga jiwe jana jioni."

"Mwambie mama nitajaribu."

"Anasema atajaribu," Maurine alisema, ingawa mama yake alikuwa hatua nne tu kutoka hapo.

"Muulize kujaribu ni nini," Maximilla aliiambia miwa. "Nimekuja na propela, sikuja na jaribio."

Makhanu alitaka kucheka, akakumbuka ni wiki gani, akaacha.

Titus, kitinda mimba wa Maximilla, alizama Jumatatu. Mtumbwi wa kuvushia watu mto Nzoia ulipinduka ukiwa na wanaume watatu na mizigo ya majani ya ng'ombe. Wawili waliogelea, yeye hakuonekana tena. Jumanne majirani walichanga wakamwita Onesmus, mvuvi wa upande wa ziwa, aliyekuja na mashua yake juu ya pikapu, na injini ya nguvu za farasi kumi na tano. Alitafuta siku mbili. Jumatano jioni akagonga jiwe. Alipiga simu Kisumu akaambiwa propela mpya ingefika Jumatatu.

Jumatatu ilikuwa mbali mno. Wazee wa ukoo, chini ya Mzee Shikanga, shemeji yake Maximilla, walikuwa wameshaamua: Jumamosi mchana atazikwa, apatikane asipatikane. Asipopatikana, utakatwa mgomba wenye urefu wake, utavikwa shati na suruali yake, utawekwa kaburini na kuombewa. Baada ya hapo hakuna kutafuta tena. Akionekana siku nyingine huko chini, atazikwa hukohuko alikoonekana, kwa sababu kaburi la nyumbani litakuwa limekwisha kupata mwenyewe.

Maximilla hakubishana na wazee. Alichukua propela akaja nayo Mayoni, kwenye karakana ya mkwe wake.

Makhanu aliwahi kuwa fundi katika karakana ya kiwanda cha sukari, na huko ndiko alikojifunza alumini. Mafundi wengi wa mageti hawaigusi. Chuma hukuonya: huwa chekundu, kisha cha machungwa, kisha cheupe, ndipo kiyeyuke. Alumini haionyi. Hukaa na rangi yake ileile mpaka inapoanguka chini kama uji. Kwa hiyo kabla ya kuwasha gesi Makhanu alichukua kipande cha sabuni ya kufulia, akachora mistari juu ya bawa. Sabuni ikigeuka kahawia, moto unakaribia. Ikiwa nyeusi, umefika.

Aliyeyusha pistoni kuukuu na kuimimina ndani ya chuma cha pembe, kilicholazwa kama mfereji, akapata vijiti vya kuchomelea. Hakutumia waya wa umeme wa alumini, ingawa ulikuwepo, kwa sababu waya huo ni laini na ungepinda kama kijiko cha bei rahisi. Kwa kipande kilichopotea alikata kifuniko cha injini ya pikipiki, ambacho unene wake ulilingana na wa bawa. Aligandamiza udongo wa mfinyanzi juu ya bawa zima, akapata umbo lake, akauacha ukauke juani. Juu ya umbo hilo ndipo alipokipinda kile kipande. Katikati ya propela, penye mpira unaoshika mhimili, alijaza udongo mbichi na vitambaa vyenye maji. Mpira ule ukiungua, injini itanguruma na mashua itabaki pale pale.

Kila baada ya nusu saa sauti ilitoka nyuma ya bati.

"Maurine, muulize amefika wapi."

"Mama anauliza umefika wapi."

"Naungojea udongo ukauke."

"Anangojea udongo ukauke."

"Udongo," Maximilla alisema. "Mtoto yuko kwenye maji siku ya nne, na huyu anafinyanga."

Maurine hakuifikisha hiyo. Makhanu alikuwa ameisikia. Aliushika udongo kwa kiganja. Ulikuwa bado una baridi. Alijua ulihitaji saa moja zaidi. Aliupa dakika ishirini.

Haraka hiyo ilimfanya akosee mara moja, na alijua alipokuwa akikosea. Ukingo wa mkato ulitakiwa kuchongwa mfereji pande zote mbili ili chuma kipya kiingie mpaka ndani. Alichonga upande mmoja tu. Saa nane kiungo kilikuwa kimefunga, kimepigwa tupa, na kwa macho hakikuwa na kasoro. Aliipitisha propela kwenye nondo iliyolala juu ya kingo mbili za chuma, akaiachia. Bawa lililochomelewa lilishuka chini, maana lilikuwa zito kuliko wenzake. Akalipiga tupa. Likashuka tena, polepole zaidi. Akapiga tena. Mara ya sita propela ilibaki pale pale alipoiachia.

Akamwita mkewe.

"Mwambie mama hivi. Imeshikana, lakini si mpya. Waende nusu ya moto wa injini, wasipite. Kurudi nyuma, taratibu. Ikianza kutetemeka, wazime injini hapohapo, wavute kasia. Na nikipata siku ya kesho nitaifungua niichomelee upande wa pili."

Maurine alifika kwenye kona ya bati. Mama yake alikuwa amesimama tayari, leso imekazwa kiunoni.

"Imepona?" Maximilla aliuliza.

Maurine aliutazama uso ule uliokuwa haujalala tangu Jumatatu.

"Imepona, mama."

"Mungu amjalie," Maximilla alisema, akanyoosha mikono kulipokea gunia.

* * *

Saa kumi na moja jioni Makhanu alikuwa ameketi kwenye benchi la wakwe, mbali kidogo na turubai la matanga nyumbani kwa Maximilla, sahani ya obusuma, ugali wa kwao, na mboga mapajani. Benchi la wakwe huwekwa mahali ambapo kila mtu anakuona na hakuna anayelazimika kuzungumza nawe. Alikuwa bado hajanawa vizuri. Weusi wa moto ulikuwa kwenye kucha.

Mzee Shikanga alitoka njia ya mtoni na vijana wanne. Alikuja moja kwa moja mpaka mezani, penye daftari la michango, akaweka propela juu yake. Kile kipande cha kifuniko cha pikipiki hakikuwepo. Kilikuwa kimekatika kwenye kiungo, mkato mnyoofu, kama uliokatwa kwa kisu.

"Mkwe," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni. "Njoo uchukue kitu chako."

Makhanu aliweka sahani chini, akaja.

"Nilisema mimi. Nilisema huyu anachomeleanga mageti na mikokoteni ya ng'ombe, hii ni kitu ya maji. Nikaambiwa nina roho mbaya. Sasa siku imeisha. Mashua imekuja ikivutwa na kamba kama mbuzi."

Mtu mmoja chini ya turubai alicheka, akajifanya kukohoa.

Onesmus alikuwa amesimama nyuma ya wale vijana, suruali imelowa mpaka mapajani. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uchovu. "Fundi, kwa nini ulituambia imepona? Ningejua, singefungua moto wote. Pale penye mawe maji yanasukuma, nikafungua ili nipite. Ikaenda."

"Nani alikuambia imepona?"

"Mama ndiye aliyeniletea. Alisema imepona."

Makhanu alikiangalia kiungo. Kilikuwa kimekatika upande ule ambao hakuuchonga. Angeweza kusema kwamba alitoa masharti. Lakini kusema hivyo ni kusema kwamba mke wake au mama mkwe wake alinyamaza, mbele ya watu sitini, kwenye matanga yao. Alisema kitu kingine ambacho pia kilikuwa kweli.

"Nilichomelea upande mmoja. Nilipaswa kuchomelea miwili."

"Mmesikia!" Mzee Shikanga aliwageukia watu. "Amekiri mwenyewe. Kesho asubuhi vijana wakate mgomba."

"Baba mdogo, ngoja." Maurine alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mwiko mkononi. Sauti yake haikuwa kubwa. "Alisema waende nusu ya moto. Alisema ikitetemeka wazime. Alinipa maneno hayo niyapeleke, mimi sikuyapeleka."

"Kwa nini?"

"Mama aliuliza kama imepona. Ningemwambiaje mtu kama huyo imepona, lakini? Nilifikiri nitamwambia Onesmus mwenyewe. Nikafika hapa nikakuta wageni wa kanisa, nikapewa masufuria."

Mzee Shikanga alifungua kinywa.

"Wacheni mtoto wangu," sauti ilisema.

Maximilla alikuwa kwenye dirisha la nyumba kubwa. Macho yake yalikuwa kwa Mzee Shikanga, hayakumgusa Makhanu, ingawa alikuwa mezani hapohapo.

"Mimi niliyasikia hayo masharti. Yote. Nusu ya moto, kutetemeka, kasia. Bati lile lina matundu. Lakini hayakuletwa kwangu, yalikuwa maneno ya mtu na bibi yake, nikayaacha palepale. Ningemwambia Onesmus nimeyatoa wapi? Niseme nilikuwa namsikiliza mkwe wangu?"

Kila mtu pale alijua kwamba naye asingefanya tofauti.

"Heshima yetu imekula siku nzima ya mtoto wangu," Maximilla alisema. "Shemeji, nipe kesho. Kata mgomba ukitaka, ulaze hapo kando. Kuzika ni Jumamosi."

* * *

Ijumaa Onesmus alikuja karakanani mwenyewe, kabla ya saa kumi na mbili, akaketi ndani, karibu na mtungi wa oksijeni, mahali ambapo Makhanu alimkataza kuvuta sigara.

Safari hii mifereji ilichongwa pande zote mbili, na ufa ule mwembamba ukatobolewa tundu dogo mwishoni ili usiendelee kushuka. Kipande kipya kilikuwa kifupi kuliko cha jana. Makhanu alipomaliza kukichomelea alichukua grainda akageukia mabawa yale mengine mawili.

"We! We, fundi! Hayo ni mazima!"

"Najua."

"Sasa unanyoa nini?"

"Hili haliwezi kurudi urefu wake. Nikiliongeza litakatika tena. Kwa hiyo haya mawili yatapunguzwa yalingane nalo. Itasukuma kidogo, lakini haitatetemeka."

Onesmus alishika kichwa. "Niliileta mgonjwa, unanirudishia kibeti."

"Kibeti anayetembea."

"Na nikirudi nyumbani, nitawaambia wenzangu ilienda kinyozi Kakamega?"

"Propela yako mpya inakuja Jumatatu. Hii ni ya leo tu."

Onesmus alifikiri, akatikisa kichwa, akamshikia propela wakati grainda inakata. Saa nne na nusu iliwekwa kwenye nondo. Ilibaki ilipoachiwa, mara tatu mfululizo, kila mara bawa tofauti likiwa juu.

"Nitakwenda nayo," Makhanu alisema. "Sitoi masharti tena kwa mtu."

Ukingoni mwa mto kulikuwa na watu zaidi ya mia. Maximilla alikuwa tayari ndani ya mashua, ameketi mbele kabisa, leso imefunika kichwa, mgongo ameuelekeza nyuma.

Mzee Shikanga alikuwa ukingoni, viatu vimezama kwenye tope. "Shemeji, toka. Mkwe wako anaingia humo. Mashua yenyewe ina hatua nane tu!"

"Basi akae hatua ya nane."

"Mtatozwa. Wote wawili."

"Tutatozwa," Maximilla alisema. "Mtoto wangu hatatolewa na wageni peke yao. Onesmus, washa."

Makhanu alipanda nyuma, akakaa kando ya injini, mkono mmoja juu ya kifuniko chake. Onesmus alishika usukani. Katikati yao na Maximilla alikuwa mpiga mbizi aliyetoka na Onesmus, mtu mkimya mwenye kamba begani, naye bila kuambiwa alinyoosha mgongo ili awe pazia.

Walishuka na mkondo kwa nusu ya moto. Makhanu hakutazama maji; alisikiliza kiganja chake. Mtetemo wa injini aliujua, ni wa haraka na sawasawa. Aliokuwa akiungojea ni ule mwingine, wa pole, wa kupiga hodi. Haukuja. Walipita penye mawe. Walipita mtambo wa maji. Vijana waliokuwa ukingoni waliwafuata kwa miguu, wala hawakuhitaji kukimbia. Mmoja alimwuliza Onesmus kama anataka kusukumwa.

Nzoia huwa haimshiki mtu chini kwa zaidi ya siku nne au tano. Ndivyo wavushaji wanavyosema, na Onesmus alisema ni hivyo hata ziwani. Ilikuwa siku ya tano. Saa saba na robo, kwenye kona ambayo mto hurundika mabua ya miwa na magogo, Maximilla aliinuka kidogo kutoka alipoketi. Mpiga mbizi alikuwa anatazama upande wa pili. Onesmus alikuwa anatazama jiwe.

"Makhanu," Maximilla alisema bila kugeuka. "Punguza."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka jina hilo. Makhanu alinyoosha mkono, akaupitisha juu ya mkono wa Onesmus, akapunguza moto mpaka injini ikawa inapumua tu. Mashua ikaelea kuelekea kwenye mabua. Shati la buluu lilionekana kwanza.

Kurudi kulichukua saa mbili na dakika arobaini. Propela fupi ilisukuma watu watano dhidi ya mkondo, na watembeaji wa ukingoni waliwaacha nyuma, wakangoja, wakawaacha tena. Penye mawe mashua ilisimama kabisa kwa muda ambao Makhanu aliuhesabu mpaka sitini na tatu. Onesmus alimtazama. Makhanu alitikisa kichwa: hapana, usiongeze. Alipofika sitini na nne, mti wa ukingoni ulianza kurudi nyuma polepole.

* * *

Titus alizikwa Jumamosi saa nane mchana. Mgomba uliokuwa umekatwa ulibaki kando ya ua, na Jumapili ng'ombe wa Maximilla walikuwa wameula wote isipokuwa kitako.

Wazee walikaa wakaamua faini: kondoo mmoja kwa mkwe, na kuku wawili kwa mama mkwe, kwa kosa la kuketi chombo kimoja na kutaja jina. Mzee Shikanga alisoma uamuzi huo mwenyewe. Wote wawili walilipa katika wiki ileile, na hakuna aliyelalamika. Onesmus alipata propela mpya. Ile kibeti alimwachia Makhanu, ambaye aliitundika kwenye msumari juu ya vaisi ya kubania vyuma.

Mwisho wa mwezi Maximilla alikuja tena Mayoni. Alizunguka nyuma, akaketi juu ya lile tofali, akaitazama miwa, ambayo upande mmoja ilikuwa imeshakatwa. Alikuwa ameagiza msalaba wa chuma wa kaburini. Makhanu aliumaliza mbele ya Maurine, akapiga msasa herufi za jina, akaushika juu auone kama umenyooka.

Maurine alifika kwenye kona ya bati.

"Mama, umekwisha. Ni mzuri."

Maximilla hakuinuka. Hakunyoosha mikono.

"Muulize masharti," alisema.

Maurine aligeuka. Makhanu aliuweka msalaba chini, akayapanga maneno yake, akayasema kwa sauti iliyotosha kuvuka bati.

"Mguu uingie chini futi moja na nusu. Usipakwe rangi siku ya mvua. Na saruji ikae siku tatu kabla mtu hajaugusa."

Maurine alifungua kinywa ayapeleke. Mama yake alikuwa ameshaanza kuyahesabu kwa vidole, taratibu, macho kwenye miwa.

"Futi moja na nusu," Maximilla alisema. "Siyo siku ya mvua. Siku tatu."

Kisha akamngoja binti yake amwambie.